Kulenga kwenye pool: jua kwanza jicho lako linaloongoza

Kaa pembeni ya meza yoyote ya pool hapa Dar es Salaam, iwe Sinza, Tandika au Mbagala, na mchezaji wa aina hii hutamkosa. Mkono umetulia, fimbo inakwenda na kurudi bila kuyumba, mipira ya karibu anaiingiza bila shida. Sasa apate mpira ulionyooka, mweupe unaopigwa kwa fimbo uko huku na ule mwingine uko kule karibu na kona. Anakosa. Na hakosi ovyo ovyo: kila akikosa, mpira unagonga ukingo wa upande uleule. Wenzake watamwambia, "Kaka, umekaza mkono." Mara nyingi mkono hauna kesi. Ameinama kichwa kikiwa mahali ambapo macho yanamwonyesha mstari wa uongo, na mkono umetii tu.

Kasoro hiyo inapimika na inarekebishika kwa mchana mmoja au miwili ya kujipima, halafu mazoezi ya wiki kadhaa. Unahitaji meza isiyogombaniwa, uzi mrefu, vipande vidogo vya karatasi, na rafiki mmoja mwenye simu ya kupiga picha. Jipime kabla ya bia ya kwanza, si baada ya ya tatu. Pombe hulegeza ushirikiano wa macho mawili, kwa hiyo majibu utakayoyapata usiku hayatakufaa kesho yake.

Kwanza uelewe kinachotokea

Umbali kati ya mboni za macho ya mtu mzima ni kama milimita 63 kwa wastani. Mpira wa pool ya Kimarekani una kipenyo cha milimita 57, na wa Kiingereza ni mdogo zaidi, kama milimita 51. Kwa hiyo macho yako yametengana kuliko upana wa mpira unaoulenga. Kila jicho linaona mstari wake, ubongo unaunganisha picha mbili kuwa moja, na linapokuja suala la kupanga vitu kwenye mstari, unalisikiliza jicho moja zaidi ya jingine. Hilo ndilo jicho linaloongoza. Takribani theluthi mbili ya watu linaloongoza ni la kulia, wengi wa waliobaki ni la kushoto, na wapo wachache ambao halijulikani waziwazi.

Jambo hili si geni. Mwitaliano Giambattista della Porta aliliandika mwaka 1593, na kipimo chake cha kunyoosha kidole bado kinatumika. Watu huchanganya mambo mawili. Jicho linaloongoza si lazima liwe upande wa mkono unaotumia. Wako wengi wanaopiga kwa mkono wa kulia huku wakiongozwa na jicho la kushoto. Wala si lazima liwe lile linalosoma herufi ndogo zaidi kwa daktari.

Sasa tazama hesabu yake mezani. Ukilenga, unapanga vitu vitatu: jicho, ncha ya fimbo na mpira wa mbele. Jicho likiwa nje ya mstari wa fimbo, mstari wa macho na mstari wa fimbo vinakutana pale nchani tu, kisha vinaachana. Chukua jicho lililo sentimita 1 nje ya mstari na nusu mita nyuma ya ncha: kila mita moja mbele, mistari hiyo imeachana kwa sentimita 2. Ubongo uliozoea hufidia sehemu kubwa ya tofauti hiyo, ndiyo maana hukosi kila mpira. Ila kinachobaki bila kufidiwa hukua kadiri mpira unavyokuwa mbali. Mpira wa karibu unaingia, wa mbali unakwenda kugonga ukingo.

Hatua ya 1: Lijue jicho

Simama, chagua alama ndogo iliyo mita tatu au zaidi kutoka ulipo. Taa au msumari ukutani inatosha. Nyoosha mikono yote miwili mbele, kutanisha viganja uache tundu dogo katikati, uitazame alama kupitia tundu hilo macho yote yakiwa wazi. Bila kuhamisha macho, rudisha mikono taratibu mpaka usoni. Tundu litakwenda lenyewe kwenye jicho linaloongoza. Fanya tena ukibadilisha kiganja kilicho juu, maana watu wengi huvuta tundu upande wa mkono waliouzoea na kupata jibu la mkono badala ya la jicho.

Kisha rudia ukiwa umeinama mezani. Sababu ni kwamba jicho linaloongoza linaweza kubadilika kutegemea macho yanaelekea wapi: kitu kikiwa pembeni sana upande wa kulia, jicho la kulia huwa na nafasi kubwa ya kushika uongozi, na kushoto hivyohivyo. Anayeinama uso ukiwa umegeuka upande, macho yakachungulia kwa pembe, anaweza kupata jibu tofauti na lile la kusimama. Rafiki achuchumae nyuma ya kona ya mbali, macho yake yakiwa usawa wa meza. Wewe inama kama unayepiga, halafu inua kidole cha shahada cha mkono wa mbele, uelekeze puani kwake, macho wazi yote mawili. Atakuambia kidole kimefunika jicho gani.

Majibu yakilingana, vizuri. Yasipolingana, chukua la mezani. Pool haichezwi umesimama wima.

Hatua ya 2: Ondoa lawama kwenye fimbo, meza na mkono

Hapa kwetu hatua hii hairukwi. Fimbo za baa zimepitia mengi: zimeegemezwa ukutani miaka, zimelowa, nyingine zimetumika kuvuta swichi ya feni. Laza fimbo mezani uibingirishe. Ncha ikirukaruka, imepinda, chukua nyingine. Gusa ngozi ya nchani kama imelegea au imekuwa bapa. Meza nayo iangalie: sukuma mpira polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, uone kama unakunja mwishoni. Meza iliyowekwa kwenye mchanga chini ya makuti, mguu mmoja umekingwa na boksi lililokunjwa, itakudanganya kuhusu macho yako bure. Uangalie pia mpira mweupe. Kwenye baadhi ya meza za sarafu unatofautiana na mingine kwa ukubwa au uzito ili mashine iutenge na kuurudisha, na kama ni mkubwa kuliko mingine hata mgusano wake haufanani.

Sasa mkono. Weka mweupe katikati ya upana wa meza, upige taratibu katikati yake uende moja kwa moja kwenye ukingo wa mbele na kurudi. Uliopigwa katikati kweli utarudi kwenye ncha ya fimbo yako. Ukirudi kulia, umeugusa kulia kidogo ukapata mzunguko; ukirudi kushoto, kinyume chake.

Kipimo hiki watu hukitumia kupima mkono peke yake, na mimi nadhani wanakosea. Mtu anaweza kuwa na mkono ulionyooka kama rula, ila pale anapoamini ni katikati ya mpira si katikati. Rafiki apige video akiwa mbele, usawa wa meza, ukiwa umetulia kabla ya kupiga. Ukiona ncha imekaa pembeni tangu kabla mkono haujasogea, kesi ni ya macho. Ikiwa imekaa katikati halafu ikahama wakati wa kupiga, hapo ndipo mkono ushtakiwe.

Hatua ya 3: Tafuta mahali pa kichwa

Mafundi wa vijiweni watakuambia, "Jicho kubwa liweke juu ya fimbo, basi." Ni nusu ya ukweli. Kwa wengine mahali panapoonyesha mstari ulionyooka ni chini ya jicho linaloongoza kabisa. Kwa wengine ni kati ya jicho hilo na pua. Kwa wengine ni katikati ya kidevu, ingawa kipimo cha kidole kimesema kulia au kushoto. Jicho linakuambia uanze kutafuta upande gani. Mahali penyewe patafute mezani.

Funga uzi kutoka kona moja hadi kona ya mshazari, uvute ukaze. Chini yake weka vipande viwili vya karatasi vidogo kama punje ya mahindi: kimoja pa kuweka mweupe, kingine mita moja mbele pa kuweka mpira wa pili. Toa uzi. Usichore kwa chaki juu ya kitambaa, mwenye meza hatakuelewa.

Sasa laza fimbo kwenye mstari huo, ncha karibu na mweupe, na kitako kikiwa juu ya ukingo wa nyuma. Rafiki aishike isisogee. Wewe inama nyuma yake kwa kimo chako cha kawaida cha kupiga, kidevu juu ya fimbo, macho yote wazi, utazame mpira wa mbele na kona. Halafu sogeza kichwa polepole sana, kutoka kushoto kwenda kulia. Utaona jambo linaloshangaza mara ya kwanza: fimbo haijasogea hata kidogo, lakini mahali fulani inaonekana inaelekea kushoto kwa kona, mahali pengine kulia, na kuna sehemu moja nyembamba ambapo fimbo, mweupe, mpira wa mbele na kona vinakaa kwenye mstari mmoja. Simama hapo. Rafiki apige picha kutoka mbele.

Inuka, zunguka meza, rudi uinamie upya, utafute tena bila kuangalia picha ya kwanza. Rudia mpaka picha zinafanana. Zitazame kwa makini: fimbo inapita chini ya nini? Pembe ya mdomo? Tundu la pua la kulia? Tafuta alama ya mwilini mwako unayoweza kuihisi bila kioo. Anayegusisha kidevu kwenye fimbo ana nafuu, kwa sababu ngozi yenyewe itamwambia amefika au bado.

Hatua ya 4: Thibitisha kwa mipira

Kwenye meza ya sarafu, mpira ukizama umezama na hela yako. Dawa yake ni kuziba mashimo kwa matambara au magazeti yaliyokunjwa ili mipira isishuke. Omba ruhusa kwanza: "Shikamoo mama, naomba kuziba mashimo nifanye mazoezi, mchezo nimeshalipia." Ukiziba kimyakimya utaonekana mwizi wa sarafu, na huo mjadala hauishi leo. Nenda saa ambayo hakuna foleni, kwani jioni mshindi anabaki mezani, aliyefungwa analipa, na hakuna wa kukusubiri unapima macho.

Anza na mpira ulionyooka kwenye alama zako za karatasi. Piga kumi kwa kichwa cha mahali papya, kwa nguvu ndogo, na uandike kila ulipokosa ni upande gani. Kinachotafutwa ni upande; idadi ya iliyoingia utaiangalia baadaye. Ikikosa pande zote mbili bila mpangilio, ni mkono au nguvu. Ikikosa upande mmoja, sogeza kichwa kwa unene wa kidole kimoja tu, upige kumi tena.

Halafu piga mipira ya pembe, maana hapo ndipo macho hujifichua. Ili kila mpira ufanane, tumia pigo la nusu mpira: fimbo inaelekezwa kwenye ubavu wa mpira wa mbele, mweupe unaugonga kwa nusu, na mpira unaondoka kwa pembe ya nyuzi 30. Uweke mahali ambapo pembe hiyo inakwenda shimoni, upige ukikatia kushoto, yaani mpira wa mbele uende kushoto, kisha upande wa pili ukikatia kulia. Kugonga mnene ni mweupe kuukuta mpira wa mbele kwa sehemu kubwa kuliko ulivyokusudia; mwembamba ni kuugusa kwa sehemu ndogo mno. Soma makosa hivi:

– Ukikatia kushoto unagonga mwembamba mno, na ukikatia kulia unagonga mnene mno, mweupe wako unakwenda kulia kwa unapodhani. Kinyume chake, unakwenda kushoto. Zote mbili ni dalili za kichwa kukaa nje ya mahali pake, ikiwa hatua ya pili imeshakuhakikishia mkono.

– Ukigonga mnene pande zote mbili, au mwembamba pande zote mbili, acha kulaumu jicho. Hujui bado mweupe ugonge wapi. Jifunze kuuona mpira wa kufikirika: mweupe uwe umegusana na mpira wa mbele kwenye mstari wa shimo, na fimbo ielekee katikati ya huo usioonekana.

Kipengele hicho cha pili kinaokoa watu wengi. Wapo waliokwisha kubadilisha mkao mzima kwa sababu ya jicho, na tatizo lilikuwa kutojua pembe.

Hatua ya 5: Fika pale ukitokea umesimama

Kujua mahali pa kichwa hakusaidii kama unafika kwa kubahatisha. Kosa la kawaida ni kuinama kwanza popote, kisha kusogezasogeza kichwa na fimbo ukiwa chini. Ukiwa chini, unachofanya ni kupatanisha makosa mawili.

Simama hatua moja nyuma ya mpira. Ile alama yako, tuseme ni pembe ya kulia ya mdomo, iweke juu ya mstari ukiwa bado umesimama. Ingia kwenye mstari bila kuondoa macho. Kwa anayepiga kulia, mguu wa kulia ukanyage mstarini. Kisha shusha uso moja kwa moja chini kama ndoo inavyoshushwa kisimani, usiulete kutoka pembeni. Fimbo ndiyo ikufuate kwenye mstari. Ukifika chini ukaona haijakaa sawa, inuka uanze upya. Wenzako wakikucheka waache wacheke.

Baa zetu nyingi zina nguzo, ukuta au viti karibu na meza, na kuna mipira ambayo hutapata nafasi ya kusimama hivi. Hapo punguza nguvu, chagua mpira rahisi zaidi, au cheza kumnyima mwenzako. Taa nayo ina ujanja wake: ikiwa moja na iko upande, kivuli kinaula ubavu mmoja wa mpira na ukingo wake unaonekana umehama. Tazama pale mpira unapogusa kitambaa, hapo hapadanganyi sana.

Anayepiga kulia na kuongozwa na jicho la kushoto

Huyu ndiye anayeteseka kuliko wote, kwa sababu kila mwalimu wa kijiweni humkazia fimbo katikati ya kidevu. Usibadilishe mkono. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuachia fimbo ipite kushoto mwa kidevu, na kwa kuwa itakuwa imesogea kuelekea kifuani, geuza miguu na bega kidogo mpaka kiwiko kipate nafasi ya kwenda na kurudi bila kukwaruza ubavu. Ya pili ni kugeuza uso kidogo kuelekea kulia ili jicho la kushoto lisogee mbele kwenye mstari. Geuza, usilaze, kichwa kilicholazwa hubadilika kila unapoinama.

Aliyethibitisha kwamba inawezekana ni Joe Davis wa Uingereza. Alipiga kwa mkono wa kulia, jicho lake la kulia lilikuwa dhaifu, akalenga kwa la kushoto fimbo ikipita chini yake. Alitwaa ubingwa wa dunia wa snooker, mchezo unaofanana na pool ila kwenye meza kubwa zaidi, mara 15, kuanzia 1927 hadi 1946.

Kufumba jicho moja sishauri. Ukifumba unapoteza hisia ya umbali, na picha uliyoipanga ukiwa umesimama na macho mawili inahama. Inamfaa tu mtu ambaye jicho moja kweli halioni vizuri.

Miwani, na lini uende hospitali

Ukiinama, macho huangalia kupitia sehemu ya juu ya miwani, wakati mwingine juu ya fremu kabisa, na hapo hakuna lenzi. Dennis Taylor aliyemfunga Steve Davis 18–17 kwenye fainali ya dunia ya snooker mwaka 1985 alivaa miwani mikubwa iliyopandishwa juu kwa ajili hiyo. Kwetu, omba fundi wa miwani akupe fremu ndefu inayokaa juu, na kama lenzi zako zina sehemu ya mbali na ya karibu, mweleze kwamba unaangalia mbali ukiwa umeinamisha kichwa. Ukibadilisha miwani, rudia hatua ya tatu, kwa sababu mahali pa kichwa panaweza kuhama.

Kama jicho moja lina ukungu, unaona mpira mmoja kama miwili, au kichwa kinauma kila baada ya michezo michache, hiyo si kazi ya fimbo. Hospitali za CCBRT pale Msasani na Muhimbili, zote za Dar es Salaam, zina kliniki za macho. Waambie pia kwamba unacheza pool, na umbali unaotazama ni kati ya nusu mita na mita tatu hivi, ili wakupime kwa umbali huo.

Ukishapata mahali pako, wiki mbili tatu za mwanzo utakosa hata mipira uliyokuwa ukiiingiza, kwa sababu mkono bado unafidia kosa ambalo halipo tena. Cheza za mazoezi kwa mkao mpya. Za pesa, kama unazicheza, zisubiri.